Eldoret: Ghala la mahindi ambako upinzani hupimwa kwa bei ya unga

JIJI la Eldoret lina sifa mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazilingani. Ni kitovu cha eneo linalolisha sehemu kubwa ya Kenya kwa mahindi na ngano, na wakati huo huo ni makao ya maelfu ya familia zinazonunua unga kwa pakiti ya kilo 2 au mahindi kwa gorogoro.

Kwa sababu hiyo, mwanasiasa yeyote wa upinzani anayezuru Eldoret kulalamikia gharama ya maisha hukumbana na swali ambalo huenda asiulizwe Nairobi au Mombasa: Je, anataka mahindi yawe ghali au rahisi?

Makala haya yanaeleza jinsi wanasiasa waliosimama kinyume na serikali za nyakati mbalimbali walivyowafikia wakazi wa Eldoret na viunga vyake, waliyoyaahidi kuhusu bei za bidhaa, na yaliyotokea baadaye.

Jiji lenye mizani miwili

Eldoret ilianza kama kituo cha walowezi mnamo 1910 katika shamba lililotambuliwa kwa nambari 64. Wazee wa eneo hilo bado huiita Sisibo, jina lililotokana na nambari hiyo. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, ikawa ya tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na watu 1,163,186, na Eldoret yenyewe watu 475,716. Wengi wao huishi katika mitaa kama vile Langas, Huruma, Munyaka na Maili Nne, ambako mapato hutokana na vibarua, uchuuzi, bodaboda na biashara ndogo ndogo.

Nje ya mitaa hiyo ni mashamba. Eneo hili lina msimu mmoja mkuu wa mahindi kwa mwaka. Wakulima hupanda mwezi wa Machi na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Mkulima mdogo huuza mahindi yake mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu karo ya shule hudaiwa Januari. Ifikapo Juni au Julai ghala lake limekauka, naye hulazimika kununua unga dukani kwa bei ya juu. Mtu yule yule huwa muuzaji mwanzoni mwa mwaka na mnunuzi katikati yake.

Mwanasiasa anayeahidi unga rahisi humfurahisha mwananchi wa Langas lakini humtia hofu mkulima wa Moiben au Ziwa. Anayeahidi bei nzuri ya gunia humfurahisha mkulima na kumuumiza mpangaji wa mjini. Wengi wameikwepa njia panda hii kwa kuzungumzia gharama za uzalishaji, hasa mbolea na dizeli, ambazo zikishuka humfaa kila mmoja.

Bi Chelagat Mutai na enzi ya chama kimoja

Mfano wa zamani unaokumbukwa zaidi ni wa marehemu Philomena Chelagat Mutai. Alichaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini mnamo 1974 akiwa na umri wa miaka 24.

Wakati huo hapakuwa na chama cha upinzani. Kenya People's Union kilikuwa kimepigwa marufuku mnamo 1969, na kila mbunge alikuwa wa KANU. Upinzani ulitoka kwa wabunge wachache waliothubutu kuikosoa serikali wakiwa ndani ya chama hicho, akiwemo Jean-Marie Seroney wa Tinderet, aliyekuwa Naibu Spika. Bw Seroney alitiwa kizuizini mnamo Oktoba 1975.

Serikali ndiyo iliyopanga bei ya mahindi na unga miaka hiyo. Biashara ya nafaka ilisimamiwa na bodi ya umma, na kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Kwa maskwota na vibarua wa Eldoret, machungu ya maisha yalianzia kwenye ardhi, kwani asiyekuwa na shamba hakuwa na chakula wala mapato.

Bi Mutai alijitambulisha na watu hao. Mnamo 1976 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kosa la uchochezi kuhusiana na mzozo wa ardhi katika shamba la mkonge la Ziwa. Alipotoka gerezani, wapigakura walimrejesha bungeni mnamo 1979.

Alikuwa miongoni mwa wabunge wakosoaji waliobandikwa jina la "dada saba wenye ndevu" na Charles Njonjo, aliyekuwa na ushawishi mkubwa serikalini. Mnamo 1981, akikabiliwa na mashtaka kuhusu malipo ya usafiri, alitorokea Tanzania na kuishi uhamishoni kwa miaka kadhaa. Alifariki 2013.

Wapigakura wake hawakupata ardhi yote waliyoitaka. Hata hivyo, kurejeshwa kwake 1979 kulionyesha kuwa mwanasiasa aliyelipia msimamo wake kwa kufungwa aliweza kuaminiwa tena hata bila mali ya kugawa.

Soko huria na machungu ya 1993

Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) iliundwa 1979 kwa kuunganisha bodi ya mahindi na ile ya ngano. Kwa zaidi ya mwongo mmoja ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia.

Hali ilibadilika baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa Desemba 1991. Kwa shinikizo la wafadhili, serikali ililegeza udhibiti wa bei, na kufikia mwisho wa 1993 soko la mahindi lilikuwa huru. Mwaka huo huo mfumko wa bei ulifika takriban asilimia 46, kiwango ambacho wengi wa wanunuzi wa leo hawajawahi kukiona.

Kwa kawaida hali kama hiyo ingewapa wapinzani nafasi kubwa. Lakini Eldoret ilikuwa katika ngome ya Rais Daniel arap Moi, na vyama vya upinzani vilipata taabu kuandaa mikutano huko. Aidha, ghasia za kikabila zilizokumba maeneo kama Burnt Forest mnamo 1992 ziliwafanya wakazi kuiona siasa kwa jicho la usalama kabla ya kuitazama kwa jicho la mkoba.

Viwanda navyo vilidorora. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 na kutegemewa na familia nyingi, kiliporomoka. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mnamo 2007. Kwa waliopoteza ajira, tatizo halikuwa kupanda kwa bei pekee, bali pia kukosa mshahara wa kuikabili bei hiyo.

KANU yageuka upinzani

Uchaguzi wa Desemba 2002 uliwaweka wakazi wengi wa Eldoret upande wa upinzani kwa mara ya kwanza. KANU ilishindwa na muungano wa NARC ulioongozwa na Mwai Kibaki. Bw William Ruto, aliyekuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini tangu 1997, akawa mmoja wa wasemaji wakuu wa upinzani katika Bonde la Ufa.

Mbinu zake za kuwafikia wananchi zilikuwa zile zinazojulikana na kila mwanasiasa wa Kenya: harambee za shule na makanisa, mazishi, mikutano ya sokoni, na kupokea wajumbe nyumbani. Alisimulia mara kwa mara jinsi alivyowahi kuuza kuku kando ya barabara akiwa kijana, na simulizi hiyo ilimpa lugha ya kuzungumza na wachuuzi.

Kipindi hicho sheria zilianza kubadilisha uhusiano wa mwanasiasa na mwananchi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliweka mipaka kuhusu maafisa na harambee. Mwaka uo huo sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge (CDF) ilipitishwa, ikimpa kila mbunge, awe wa serikali au wa upinzani, fedha za umma za miradi.

Tangu wakati huo mbunge wa upinzani hawezi tena kusema kwamba hana chochote cha kufanyia kazi. Wakazi waliweza kumuuliza kuhusu karo na zahanati hata kama chama chake hakikuwa mamlakani.

Katika uchaguzi wa Desemba 2007, Uasin Gishu ilisimama na ODM ya Bw Raila Odinga. Mzozo wa matokeo ulizusha ghasia ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100 kote nchini. Eldoret ni miongoni mwa miji iliyoumia vibaya zaidi. Mnamo Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamejificha katika kanisa la Kiambaa waliteketezwa, na maelfu wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa kilimo.

Ghasia hizo ziligeuka haraka kuwa suala la chakula. Maghala yalichomwa, wakulima walihama, na msimu wa kupanda wa 2008 ukaanza wakati bei ya mbolea ikipaa ulimwenguni. Kenya nzima ilihisi pengo hilo ilipofika wakati wa kununua unga.

Kutoka upinzani hadi wizara

Serikali ya muungano ilipoundwa Aprili 2008, Bw Ruto aliteuliwa Waziri wa Kilimo. Sasa ndiye aliyepaswa kujibu maswali aliyokuwa akiyauliza.

Mnamo Februari 2009 alikabiliwa bungeni na hoja ya kutokuwa na imani naye, iliyowasilishwa na mbunge wa Ikolomani, Dkt Bonny Khalwale, kuhusu sakata ya mahindi ya hifadhi ya kitaifa. Alikanusha kufanya makosa, na hoja hiyo ikaangushwa. Alihamishwa hadi Wizara ya Elimu ya Juu mnamo 2010.

Funzo la kipindi hicho ni kwamba bei ya unga haiamuliwi na waziri peke yake. Hutegemea mavuno ya ndani, mahindi yanayoingia kutoka Uganda na Tanzania, gharama ya usafiri na usagaji, na uamuzi wa kuagiza kutoka mbali. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na nchi za COMESA hutozwa ushuru wa asilimia 50. Serikali inapouondoa, mnunuzi hupata nafuu, lakini ikiuondoa karibu na mavuno, mkulima wa Eldoret hupata hasara.

Upinzani ndani ya chama tawala

Mnamo Mei 2017, baada ya bei ya pakiti ya kilo 2 kupita Sh150, serikali ya Jubilee iliweka ruzuku na unga ukauzwa kwa Sh90. Wanunuzi walishangilia. Mwaka uliofuata, machungu yakahamia kwa wakulima.

NCPB ilikuwa imenunua gunia la kilo 90 kwa Sh3,200. Wakulima wengi wadogo walikesha nje ya maghala wakisubiri malipo, huku kukiwa na madai kwamba wafanyabiashara wachache walikuwa wamelipwa mamilioni kwa mahindi ambayo hawakuyalima. Kisha, Novemba 2018, serikali ikatangaza bei mpya ya Sh2,300.

Upinzani rasmi haukuwa na nguvu Eldoret. Sauti za kupinga zilitoka kwa wabunge waliochaguliwa kwa tiketi ya chama tawala, wakiwemo Silas Tiren wa Moiben na Alfred Keter wa Nandi Hills. Seneti nayo iliunda kamati maalumu kuhusu mahindi iliyoongozwa na Seneta wa Uasin Gishu, Prof Margaret Kamar.

Mnamo Januari 2019 bei iliongezwa hadi Sh2,500. Nyongeza hiyo ya Sh200 kwa gunia ilikuwa ndogo ikilinganishwa na matarajio ya wakulima, lakini ilithibitisha kuwa malalamiko yaliyoambatana na tarakimu na madai mahususi yaliweza kuisogeza serikali.

Wilbaro na ahadi za 2022

Baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Bw Odinga kupatana Machi 2018, Bw Ruto, ingawa alikuwa Naibu wa Rais, alijikuta akifanya siasa za upinzani. Alianza kampeni ya "hasla", akihubiri uchumi unaoanzia mashinani. Makundi ya vijana, akina mama mboga na wahudumu wa bodaboda yalipokewa nyumbani kwake Sugoi, na wilbaro ikawa nembo ya chama chake cha UDA.

Wakosoaji wake walisema kumpa kijana wilbaro si sera ya ajira. Wafuasi wake nao walisema angalau kulikuwa na mtu aliyewatazama makabwela.

Mashindano hayo yaliacha doa Aprili 1, 2022. Helikopta ya Bw Odinga ilipigwa mawe katika eneo la Kabenes, Uasin Gishu, alikokuwa amekwenda kuifariji familia ya mwanasiasa mkongwe Jackson Kibor. Viongozi wa pande zote walilaani kitendo hicho. Kilidhihirisha ugumu wa mwanasiasa kufikisha ujumbe wa gharama ya maisha katika ngome ya mshindani wake, hata anapokuja kwa ajili ya mazishi.

Mnamo Julai 2022 bei ya unga ilikuwa imepita Sh200, na serikali ikaweka ruzuku ya muda ili pakiti iuzwe kwa Sh100. Bw Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022, akatangaza kuwa angetoa nafuu kwa uzalishaji badala ya matumizi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulishushwa kutoka takriban Sh6,500 hadi Sh3,500, na Agosti 2023 ukafika Sh2,500.

Sufuria za Azimio na vijana wa 2024

Bw Odinga, sasa akiongoza Azimio katika upinzani, aliitisha maandamano kuanzia Machi 20, 2023. Gharama ya maisha ilikuwa miongoni mwa madai makuu, na waandamanaji walibeba sufuria tupu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilizidisha hasira kwa kuongeza ushuru wa thamani wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo, lita moja ya petroli ilipita Sh200 jijini Nairobi.

Kwa Eldoret, bei ya mafuta si jambo la wenye magari pekee. Jiji hili lina bohari ya bomba la mafuta lililofikishwa huko katika miaka ya 1990, lakini trekta hulima kwa dizeli, na kila gunia husafirishwa kwa lori. Hata hivyo, maandamano ya Azimio yalivuma zaidi Nairobi na Nyanza. Wengi wa wakulima wa Uasin Gishu walikuwa wakisubiri kuona iwapo mbolea ya bei nafuu ingezaa matunda.

Mavuno ya 2023 yalikuwa mazuri na bei ya unga ikashuka. Lakini mwanzoni mwa 2024, mbolea bandia iligunduliwa ikiuzwa chini ya mpango huo wa serikali, msimu wa kupanda ukiwa umeanza. Bunge lilipiga kura Mei 2, 2024, kuanzisha mchakato wa kumtimua Waziri wa Kilimo, Bw Mithika Linturi. Kamati teule ilimwondolea lawama, ingawa alipoteza kazi Rais alipovunja Baraza la Mawaziri Julai 11.

Kufikia wakati huo jambo jipya lilikuwa limetokea. Mnamo Juni 2024 vijana wasio na chama waliandamana katikati ya Eldoret, nyumbani kwa Rais, wakipinga Mswada wa Fedha. Hawakuitwa na kinara yeyote wa upinzani. Mswada huo uliondolewa Juni 26.

Muda mfupi baadaye viongozi kadhaa wa ODM waliingia katika Baraza la Mawaziri, na Machi 7, 2025, Rais Ruto na Bw Odinga walitia saini mkataba wa ushirikiano. Bw Odinga alifariki Oktoba 15, 2025. Jukumu la kuzungumzia bei za bidhaa likabaki kwa vyama vingine vya upinzani na kwa wananchi wenyewe.

Namna ya kupima ahadi

Historia hii inampa mpigakura vigezo kadhaa vya kumpima mwanasiasa anayefika sokoni au kanisani kuzungumzia gharama ya maisha.

Kwanza ni mamlaka. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za kilimo na masoko, lakini ushuru wa thamani, ushuru wa forodha na hifadhi ya kitaifa ya nafaka viko chini ya serikali kuu. Diwani akiahidi kushusha ushuru wa mafuta, anaahidi asichokuwa na uwezo nacho. Gavana naye hawezi kusingizia Nairobi kuhusu ada ya kibanda sokoni.

Pili ni wakati. Mbolea ikifika Mei imechelewa, na mnunuzi wa serikali akifungua ghala Januari huwakuta wakulima wengi wamekwisha kuuza kwa madalali.

Tatu ni kutofautisha msaada na sera. Mchango wa harambee hulipa karo ya muhula mmoja. Kikaushio cha mahindi katika ghala la umma, stakabadhi ya ghala ambayo mkulima anaweza kuitumia kuomba mkopo, au malipo ya NCPB yanayotolewa kwa wakati, humwezesha mkulima kuhifadhi mazao yake hadi bei ipande. Akifanya hivyo, hatalazimika kununua mwezi wa Julai kile alichokiuza kwa hasara mwezi wa Desemba.

Nne, na muhimu zaidi, ni kumtaka mwanasiasa aseme waziwazi nani atakayegharamika. Unga ukishuka kwa ruzuku, mlipa ushuru ndiye anayelipa. Ukishuka kwa sababu ya mahindi ya nje, mkulima ndiye anayelipa. Ukishuka kwa sababu gharama za kulima zimepungua, wote hunufaika, lakini kazi hiyo huchukua misimu kadhaa na haionekani katika kampeni ya wiki mbili.

Wakazi wa Eldoret wamewahi kuwa na mbunge aliyefungwa, waziri aliyehojiwa, wabunge walioasi chama chao na hatimaye Rais. Katika kila kipindi, gunia na pakiti vimeendelea kupimwa kwa mizani ile ile. Ahadi ni deni, na katika jiji hili deni hilo hudaiwa mara mbili kwa mwaka: wakati wa mavuno na wakati ghala linapokauka.